UZI: Bakteria wa udongo asiyejulikana, kuanzia sampuli hadi jina la Kilatini lililo halali

#1 Udongo_Mwekundu (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu. Swali hili linarudi humu kila mara: mtu kaotesha bakteria wa udongo, kapeleka jeni ya 16S (jeni ya ribosomu ambayo bakteria wote wanayo, hutumika kuwatambua) isomwe, majibu yamekuja anafanana 98.2% na spishi inayojulikana, anauliza kama tayari ana spishi mpya. Hana. Ana mgombea tu. Naweka sehemu ya mwanzo, sampuli hadi makoloni. Wa 16S, wa jenomu (DNA yote ya bakteria) na wa majina waendelee chini.

Anza na karatasi. Kibali cha utafiti ni COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), pale Sayansi, Kijitonyama. Ukiingia msitu wa hifadhi kama Pugu-Kazimzumbwi unahitaji pia ruhusa ya wanaousimamia, na kwenye shamba la mtu chukua ridhaa ya mwenye shamba kwa maandishi. Wengi wanaona huu ni usumbufu wa ofisini, lakini mwisho wa kazi streini yako (uzao wa koloni moja safi) itakwenda kuhifadhiwa nje ya nchi, na benki za bakteria huko zitadai nyaraka za Itifaki ya Nagoya, ambayo inatumika tangu Oktoba 2014: nani aliruhusu udongo uchukuliwe, lini, kutoka wapi. Kibali hakiandikwi kwa tarehe ya nyuma. Streini isiyo na karatasi inaishia kwenye friji lako.

Shambani: ondoa majani na takataka za juu, chimba sentimita 5 hadi 15, chukua kidogo kidogo sehemu tano za eneo moja, changanya kwenye mfuko mmoja safi. Mwiko ufutwe kwa ethanoli ya 70% na upitishwe motoni kila unapohama. Andika koodineti, kina, mimea iliyopo, na pH (udongo gramu 10 kwa maji yaliyotoneshwa mililita 25, koroga, acha nusu saa, pima). Sampuli ikae kwenye boksi la barafu na ifanyiwe kazi ndani ya saa 24 hadi 48. Mfuko uliokaa kwenye buti la gari foleni ya mchana kutoka Pugu hadi Mlimani hauna tena jamii ile ya bakteria uliyoichimba.

Maabara: chekecha kwa chekeche ya milimita 2. Gramu 10 ndani ya mililita 90 za maji ya chumvi ya 0.85% yaliyotakaswa, hiyo ni 10⁻¹. Udongo wa vilima vya Pugu una kaolini nyingi, na mfinyanzi unashikilia seli. Hapo tumia sodiamu pairofosfeti ya 0.1% badala ya maji ya chumvi na utikise nusu saa pamoja na shanga za kioo. Mchanga wa pwani hauhitaji hayo. Punguza mara kumi kumi hadi 10⁻⁶, panda mikrolita 100 kwa sahani. Sahani ya kuhesabu ni yenye makoloni 30 hadi 300. Makoloni 84 kwenye 10⁻⁵ ni 8.4 × 10⁷ kwa gramu. Wanaosahau kwamba walipanda mililita 0.1 wanapata 8.4 × 10⁶, na kosa hilo linachapishwa kila leo.

Agari: R2A, yenye lishe kidogo, ya Reasoner na Geldreich (1985). Kwa lita moja: dondoo ya hamira 0.5 g, proteosi peptoni 0.5 g, kasamino asidi 0.5 g, glukosi 0.5 g, wanga myeyuko 0.5 g, sodiamu pairuveti 0.3 g, K₂HPO₄ 0.3 g, MgSO₄·7H₂O 0.05 g, agari 15 g, pH 7.2. Ongeza saikloheksimaidi 50 mg kwa lita kuzuia kuvu, ikishapoa hadi kama 50 °C. Vaa glovu, hiyo ni sumu kwa seli zako pia.

Acha sahani wiki mbili hadi nne. Wale wa siku mbili za kwanza karibu wote tayari wana majina. Kila baada ya siku chache weka alama ya kalamu chini ya sahani kwenye makoloni mapya. Yaliyojitokeza kuanzia siku ya kumi ndiyo ya kuyafuata kwa udi na uvumba.

#2 Pipeti_Tupu

Mkuu asante kwa darasa. R2A ya kopo bei yake si mchezo. Haiwezekani kutumia agari ya virutubisho ya kawaida? Na hiyo "joto la chumba" kwenye miongozo, Dar tunaihesabuje?

#3 Udongo_Mwekundu

Inawezekana, ila ipunguze iwe moja ya kumi halafu uongeze agari yenyewe ifike 15 g kwa lita, maana ukiipunguza agari nayo inapungua na utapata uji. Ikiwa nzito kama inavyoelekezwa kwenye kopo, wenye kasi (Bacillus, Pseudomonas) watameza sahani kabla ya wapole kuamka.

Jambo jingine halina gharama: fosfeti na agari msizipike pamoja kwenye otoklevu. Zikipikwa chombo kimoja kwa 121 °C zinazalisha haidrojeni peroksaidi, na bakteria wengi wa udongo hawaivumilii. Tanaka na wenzake walilionyesha mwaka 2014. Pika fosfeti chupa yake, agari chupa yake, changanya zikifika kama 50 °C. Idadi ya makoloni inapanda, na wanaoongezeka ndio hao wagumu kuotesha unaowatafuta.

Joto la chumba kwenye miongozo ya Ulaya ni 20 hadi 25 °C. Chumba cha Dar mwezi Januari kinagonga 31 au 32. Kwa hiyo "joto la chumba" lisionekane kwenye daftari lako. Weka inkubeta 28 °C na uandike 28 °C. Inkubeta ya kawaida inapasha tu, haipoozi. Chumba kikiwa 32 nayo iko 32 hata kama kioo kimeandikwa 28. Weka kipimajoto ndani.

#4 Koloni_Pekee

Naongezea usafi wa streini, maana hapa ndipo kazi nyingi zinafia na mtu hajui kama zimekufa.

Koloni moja si lazima liwe bakteria mmoja. Kwenye udongo kuna wanaoishi wameshikana: mmoja anatoa ute, mwingine anajificha humo. Ukichukua koloni zuri la mviringo kwa kitanzi, unabeba wote wawili. Panda kwa michoro, chukua koloni lililosimama peke yake, panda tena, angalau mara tatu mfululizo. Kisha panda kwenye agari ya aina tofauti. Aliyejificha kwenye R2A mara nyingi anajitokeza kwenye agari yenye lishe zaidi, kama vidoa vidogo vinavyong'aa pembezoni mwa mstari wa kwanza. Shika sahani dhidi ya taa, uitazame kwa kuinamisha: ukingo wa koloni safi una tabia moja pande zote. Ukiona upande mmoja una meno na mwingine laini, rudia.

Unyevu wa Dar ni adui hapa. Sahani iliyomwagwa ikiwa moto inatengeneza matone kwenye kifuniko, tone likianguka linatengeneza mto juu ya agari na makoloni yote yanaungana. Mwaga agari ikiwa 50 °C, kausha sahani dakika 30 hadi 40 kwenye kabati la hewa safi kifuniko kikiwa kimefunguka, na uziatamishe zikiwa kifudifudi. Pia kuna Bacillus wa mizizi mizizi anayetambaa hadi kufunika sahani nzima. Akiingia, sahani hiyo tupa, usijaribu kuokoa jirani zake.

Kipimo cha rangi ya Grami (kinachogawa bakteria kwa aina ya ukuta wa seli) fanya kwa koloni la saa 18 hadi 24, au mara tu linapoonekana kwa wanaokua polepole. Grami chanya wakizeeka wanapoteza rangi ya zambarau na utawaandika hasi. Hakiki kwa KOH ya 3%: changanya koloni na tone moja juu ya kioo kwa nusu dakika, nyanyua kitanzi, kukiwa na uzi wa ute ni hasi. Kwa kipimo cha kimeng'enya cha oksidesi usitumie kitanzi cha nikromu, chuma chake kinageuza kemikali kuwa zambarau chenyewe. Tumia kijiti cha mbao na usome ndani ya sekunde 30. Rangi inayokuja baada ya dakika mbili haihesabiki.

Na jamani, acheni kunusa sahani. Najua Streptomyces ana ile harufu ya mvua ya kwanza na inasaidia kumtambua, lakini udongo unaweza kubeba spora za kimeta. Koloni bapa, la kijivu, lenye ukingo kama nywele zilizochanuka, funga sahani na ulishughulikie kwenye kabati la usalama. Hasa udongo wa machinjio na wa malisho.

#5 Praima_27F

Zamu ya 16S.

DNA ya haraka: koloni dogo, ncha ya kijiti tu, ndani ya maji safi mikrolita 50, chemsha 95 °C dakika 10, zungusha kwenye sentrifuji dakika 2, chukua maji ya juu. Wengi wanaweka koloni zima wakidhani DNA nyingi ni heri. Uchafu wa seli unazima kimeng'enya na jeli inatoka tupu. Ikigoma, punguza mara kumi kabla ya kubadili kitu kingine chochote. Kwa Grami chanya wenye ukuta mnene kuchemsha hakutoshi, tumia lisozaimu au shanga za kuponda.

Mchanganyiko wa PCR (kunakili jeni mara nyingi ili isomeke), mikrolita 25: masta miksi ya mara mbili 12.5, praima 27F na 1492R za mikromola 10 kila moja 0.5, DNA 1, maji 10.5. Mizunguko: 95 °C dakika 5, kisha mara 30 za 95 °C sekunde 30, 55 °C sekunde 30, 72 °C sekunde 90, mwisho 72 °C dakika 7. Jeli ya agarosi 1%, mstari mmoja karibu na 1,500. Weka bomba moja lisilo na DNA kila mara. Kimeng'enya cha Taq kinazalishwa ndani ya E. coli, na mabaki ya DNA yake yakiwa mengi, bomba tupu nalo litatoa mstari. Hapo usipeleke kitu kusomwa.

Soma pande zote mbili. Usomaji mmoja wa Sanger (njia ya kawaida ya kusoma kipande cha DNA) unatoa besi 700 hadi 900 za kuaminika, na jeni ina kama 1,500. Fungua mchoro wa vilele, usikimbilie faili la herufi. Besi kama 30 za kwanza ni vurugu, na mkiani vilele vinapanuka na kulaliana, kata. Katikati ukikuta vilele viwili mahali pamoja, kuna maana mbili. Vikiwa vingi kila mahali, streini si safi, rudi #4. Vikiwa sehemu mbili tatu tu, huenda bakteria ana nakala kadhaa za jeni hiyo zinazotofautiana kidogo, jambo la kawaida.

Sasa hesabu ambayo watu hawaifanyi. Kati ya besi 1,450, kila besi kumi ni karibu 0.7%. Ukiacha mkiani besi kumi zilizosomwa vibaya, streini iliyofanana 99.2% na jirani yake inaonekana 98.5%, chini ya mpaka wa spishi wa 98.7%, na mtu anaanza kutafuta jina. "Spishi mpya" kadhaa ninazoletewa kukagua zinakufa kwa mkasi tu.

Kulinganisha: ukitumia BLAST (programu ya kutafuta mifuatano inayofanana) bila kuchuja, wa kwanza atakuwa "bakteria asiyeoteshwa" au streini ya mtu iliyoandikwa jina kwa kukisia. Chagua mifuatano ya streini kielelezo pekee, yaani ile streini moja ambayo jina la spishi limefungwa nayo. Tovuti ya EzBioCloud inafanya hivyo yenyewe.

#6 Mzaramo_wa_Mlimani

Mbona sisi tulifundishwa mstari ni 97%? Chini ya hapo spishi mpya, juu yake spishi ileile. Hii 98.7 imetoka wapi?

#7 Praima_27F

Hiyo 97% ni ya Stackebrandt na Goebel, 1994. Wakati huo kipimo kikuu kilikuwa kuchanganya DNA za streini mbili na kuona zinashikana kwa kiasi gani, mpaka ukiwa 70% (kamati ya Wayne, 1987). Waliona kwamba 16S ikiwa chini ya 97%, hakuna haja ya kusumbuka kuchanganya, hawatafika 70. Haikusema kwamba juu ya 97 ni spishi moja! Mwaka 2006 Stackebrandt mwenyewe na Ebers wakapandisha hadi 98.7–99%, na mwaka 2014 Kim na wenzake wakalinganisha jenomu nyingi wakapata 98.65%. Kwa hiyo vitabu vyako vimezeeka, mkuu, si wewe.

Soma namba hiyo kwa upande mmoja tu. Chini ya 98.65% kwa besi zilizosomwa vizuri, una hoja nzito. Juu yake hujui lolote, inabidi jenomu iseme. Na huko juu ndiko waliko wengi wa udongo: ndani ya kundi la Bacillus subtilis spishi zinafanana kwa zaidi ya 99%, kundi la Bacillus cereus vilevile, na Streptomyces na Bradyrhizobium wana tabia hiyohiyo. Mtu akileta Bacillus wa 99.6% na kusema "huyu ni B. subtilis" amekosea sawasawa na yule wa 98.2% anayeshangilia. Kabla ya kulipia jenomu, soma jeni nyingine, gyrB au rpoB. Zinabadilika haraka kuliko 16S na zitakuonyesha kama kuna cha kufuatilia.

#8 Bando_la_Jenomu

Nakubaliana na #7, ila naona tunaipa 16S heshima kubwa mno. Ni mlango tu. Jarida la IJSEM, ambalo ndilo linalosajili majina, halipokei spishi mpya bila jenomu. Kwa hiyo bajeti ya jenomu iwepo tangu siku ya kwanza, la sivyo usianze.

DNA ya kuchemsha haifai hapa. Tumia kiti ya kutoa DNA au fenoli-klorofomu, uwiano wa 260/280 uwe karibu 1.8. Omba kila besi isomwe angalau mara 50, hicho ndicho kiwango cha chini kilichopendekezwa mwaka 2018 kwa kazi za uainishaji. Jenomu ya Mb 5 (besi milioni 5) ikisomwa mara 100 ni besi milioni 500, na faili likiwa halijabanwa linakaribia GB 1 kwa sababu kila besi inabeba alama yake ya ubora. Usipakue kwa bando la simu. Ikishaunganishwa ni MB 5 tu, hiyo hata kwa simu inapakiwa.

Baada ya kuunganisha, pitisha kwenye programu ya CheckM. Ukamilifu uwe juu ya 95%, uchafu chini ya 5%. Kisha toa 16S kutoka ndani ya jenomu na uilinganishe na ile ya Sanger. Zikitofautiana, kuna mirija iliyobadilishana mahali au streini mbili kwenye chupa moja. Kipimo hiki ni cha dakika tano na kinaokoa aibu.

Ndipo namba mbili. ANI, wastani wa kufanana kwa nyukleotidi: mpaka wa spishi ni 95–96%. dDDH, yaani ule mchanganyisho wa DNA wa zamani ukifanywa kwa kompyuta: mpaka 70%. Pakia kwenye TYGS, tovuti ya DSMZ (benki ya bakteria ya Ujerumani), ni bure, itatafuta streini kielelezo za karibu yenyewe na kukupa dDDH pamoja na mti wa ukoo. Soma fomula ya 2, kwa kuwa haiyumbishwi na urefu wa jenomu, na jenomu zetu nyingi ni vipande vipande. Ukipata ANI 84 na dDDH 27, kaa kwa amani, ni spishi nyingine. Ukipata ANI 95.4 na dDDH 66, uko kwenye ukungu. Hapo tabia na kemia ndivyo vinaamua, na mhariri atakubana.

Linganisha na majirani wote, si yule wa kwanza kwenye orodha ya 16S peke yake. Mara nyingi aliye karibu kwa jenomu alikuwa wa tatu au wa nne kwa 16S. Na kama jirani hana jenomu hadharani, itabidi uisome wewe.

Jenasi mpya ni habari nyingine. 16S chini ya kama 94.5% ni dalili, si hukumu. Mti uliochorwa kwa njia moja hautoshi. Chora kwa njia zaidi ya moja, na tawi lako libaki peke yake kote kwa uthabiti wa 70% au zaidi.

#9 Pipeti_Tupu

Kama jenomu imeshaamua, hizi API (kanda za kupima bakteria anakula nini) na vipimo vya mafuta ya seli za nini tena? Si gharama za bure?

#10 Koloni_Pekee

Swali zuri. Jenomu inasema ni tofauti, haisemi ni nani. Maelezo rasmi ya spishi yanadai umbo, joto, pH, chumvi, anachokula, kemia ya ukuta na utando. Na jeni kuwepo si sawa na kufanya kazi. Kuna wenye jeni zote za kutumia nitreti ambao kwenye bomba hawaigusi.

Kanuni ni moja: streini yako na streini kielelezo za majirani zipimwe pamoja, kwa agari ya kundi moja, umri mmoja, joto moja. Kunakili namba za jirani kutoka makala ya zamani hakukubaliki kwa asidi za mafuta hasa, maana bakteria hubadili mafuta ya utando kwa joto na umri. Akioteshwa 28 °C na jirani 37 °C, tofauti utakayoiona ni ya inkubeta. Kuagiza streini kielelezo kutoka nje kunakula pesa na miezi ya vibali vya kuingiza, kwa hiyo agiza siku ile 16S inaporudi.

Joto: 4, 10, 15, 20, 25, 28, 30, 37, 42, 45 °C. Chumvi 0 hadi 10% kwa hatua za 1. pH 4 hadi 10, na hapa pana mtego: bila bafa, pH inahama wakati wa kupika na tena bakteria anapokua. Weka bafa, na upime pH baada ya otoklevu. API 20 NE inasomwa saa 24 na 48 kwenye kama 29 °C. Kwa mdudu anayechukua siku tano kuonekana, ukanda huo utakuwa hasi tupu na hautakuambia kitu; mpime kwa mirija ya kawaida na muda mrefu.

Kemia ya seli hutenganishwa kwa kromatografia: mafuta kwa GC, lipidi za utando kwa TLC ya pande mbili, kwinoni kwa HPLC. Kama maabara yako haina vifaa hivyo, baadhi ya benki za bakteria zinafanya kwa malipo. Ulizia bei wakati unapeleka streini. Kiasi cha G+C (asilimia ya besi G na C kwenye DNA) usikipime tena, kinatoka kwenye jenomu, na ndani ya spishi moja hakipishani zaidi ya 1%.

#11 Mzaramo_wa_Mlimani

Na jina? Kuna jamaa anataka kumwita kwa jina la mfadhili, mwingine anataka jina lake mwenyewe.

#12 Kilatini_cha_Mwenge

Jina lako mwenyewe, hapana. Kanuni ya Kimataifa ya majina ya bakteria inashauri mtu asimpe bakteria jina lake mwenyewe, na wahakiki hawatakuonea haya. La mtu mwingine linaruhusiwa: mwanamume kwa kawaida huishia -i au -ii, mwanamke -ae.

La mahali ndilo rahisi. Mwisho ni -ensis kwa jenasi ya kiume au ya kike, -ense kwa isiyo na jinsia. Bacillus, Streptomyces na Arthrobacter ni za kiume, Pseudomonas ya kike, Bradyrhizobium na Microbacterium hazina jinsia. Kwa hiyo udongo wa Pugu ungetoa puguensis kwa Bacillus na puguense kwa Bradyrhizobium. Jirani zetu wana mfano mzuri, Tindallia magadiensis wa Ziwa Magadi, Kenya. Tafuta kwanza kwenye LPSN, orodha ya mtandaoni ya majina ya bakteria, kama jina halijachukuliwa ndani ya jenasi hiyo.

Uhalali sasa. Streini kielelezo lazima iwekwe kwenye benki mbili za nchi mbili tofauti, na kila moja itoe cheti kwamba inapatikana kwa yeyote bila masharti. Mbili za nchi moja hazihesabiki, na amana ya hakimiliki ya uvumbuzi haikubaliki. Zinazotumika sana ni DSMZ ya Ujerumani, LMG ya Ubelgiji, CCUG ya Uswidi, JCM ya Japani, KCTC ya Korea Kusini. Hapo ndipo karatasi za #1 zinapodaiwa, pamoja na mkataba wa kuhamisha vielelezo. Tuma mapema, maana wao nao wataiotesha, watasoma 16S kuhakiki, na ikitofautiana na uliyoandika wanairudisha.

Ukichapisha IJSEM jina ni halali moja kwa moja. Ukichapisha kwingine, jina limetangazwa tu. Unawapelekea makala na vyeti, wakiridhika linaingia kwenye orodha ya uthibitisho, na mpaka hapo liandikwe ndani ya alama za nukuu. Asiyeoteshwa kabisa anaitwa Candidatus, au tangu 2022 anaweza kusajiliwa kwa jenomu chini ya SeqCode, ambayo ni kanuni nyingine kabisa. Msizichanganye kwenye barua ya kuwasilisha.

#13 Pipeti_Tupu

Swali la mwisho wakuu. Friji la −80 halipo au umeme wa kubahatisha. Streini inakaaje hai mpaka vyeti vije?

#14 Udongo_Mwekundu

Usitegemee chombo kimoja wala jengo moja. Gliseroli ya 20% kwenye −80, mirija isiyopungua kumi, nusu yake ipelekwe maabara nyingine yenye jenereta. Umeme ukikatika usifungue mlango wa friji kuchungulia, likiwa limefungwa na kujaa linashika baridi kwa saa nyingi. Kinachoua zaidi ni kuyeyuka na kuganda mara kwa mara, kwa hiyo mrija mmoja matumizi mamoja.

Bila −80: kausha kwa baridi ndani ya maziwa yasiyo na mafuta ya 10%, ampuli zikifungwa vizuri zinakaa miaka hata kwenye 4 °C. Bila mashine hiyo: mteremko wa agari kwenye mrija, ukikua vizuri funika kwa mafuta ya parafini yaliyotakaswa sentimita 1 juu ya ncha ya agari, weka 4 °C, hamisha kila miezi sita. Wenye spora kama Bacillus na Streptomyces ni wepesi zaidi: weka matone ya spora kwenye udongo uliopikwa mara mbili kwa siku mbili tofauti, kausha, funga.

Kila ukifufua, rudia Grami na 16S kabla ya kupima chochote, na kwenye daftari andika amehamishwa mara ngapi tangu koloni la kwanza.